Vyombo vya bibi mezani: jinsi ya kupamba meza ya sikukuu kwa vitu vya zamani

Kama kwenu kuna kabati ambalo halifunguliwi mpaka aje mgeni mkubwa, na huyo mgeni mkubwa miaka yote hajafika, basi hii nakuandikia wewe. Mi naamini sahani ya bibi ikikaa miaka 20 gizani hakuna anayeifaidi, mwenyewe alizinunua watu wapakuliwe, wakae, waongee, waombe kuongezewa. Sikukuu ndio siku yake. Na huhitaji seti kamili, huhitaji hata vitu vinavyofanana, unahitaji kujua kipi kinaweza kufanya kazi ya chakula na kipi kinatakiwa kutazamwa tu, alafu kujua kuvipanga ili vionekane vimekuja pamoja kama ndugu.

Anza wiki moja kabla

Usianze na kununua mapambo. Anza kwa kutoa kila kitu, na sio jioni ya mkesha, ni wiki nzima kabla, maana ukitoa siku yenyewe utakuta vijiko vya fedha vimekuwa vyeusi, kitambaa kina mstari wa njano kwenye mkunjo, glasi mbili zina ufa, na muda wa kurekebisha huna. Tandika taulo kubwa au blanketi mezani, panga vyote juu yake uvione kwa pamoja: sahani, mabakuli, vikombe na visosi hata visivyo na wenzake, buli lililopoteza mfuniko, uma na visu, masinia, vinara vya mishumaa, vitambaa, hadi vichupa na visanduku vidogo. Hivi visivyo na mwenzake usivirudishe haraka, ndio vitakuja kubeba kazi.

Kama kuna mzee anayevijua, bibi, mama, shangazi, yeyote, mkalishe hapo karibu uwe unamshikisha kimoja kimoja. Usimuulize "hii ina historia gani", atakujibu tu kwamba ni ya zamani sana mwanangu. Mpe mkononi kwanza, alafu muulize nani alikuwa anaitumia, ilikuwa inawekwa wapi, na nani alivunja zile zingine. Hilo swali la nani alivunja ndio linafungua mdomo. Washa rekoda ya simu iweke pembeni. Mi kitambaa cha bibi nilikuwa najua kina maua tu, mpaka mama alipokishika akanionesha ua moja la kona ambalo majani yake ni kijani kingine kabisa, uzi ulimwishia bibi katikati ya kushona na ule wa mwanzo hakuupata tena, akaendelea na aliokuwa nao. Nimekula juu ya kile kitambaa toka mtoto na sikuwahi kuliona lile ua. Sasa hivi kila sikukuu ile kona naigeuza upande wa mgeni wa heshima.

Kukagua, hapa usiharakishe

Sahani ikalishe juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja, gonga ukingo wake kwa ukucha. Kauri nzima inalia ngiii na sauti inavuta kidogo, yenye ufa inajibu tok, imekufa hapohapo. Kipimo hiki kinafaa kwa kauri nyembamba, sahani nene za udongo zinatoa sauti nzito hata zikiwa nzima kwahiyo hizo zimulike tochi na upitishe kidole taratibu ukingoni. Yenye ufa usiipakulie chakula cha moto, joto linafungua ufa na inaweza kugawanyika mkononi mwa mtu.

Alafu kuna suala la risasi, namaanisha yale madini yenye sumu, na hapa naomba uwe makini kweli. Rangi na ngozi za juu za vyombo vingi vya udongo vya zamani zilitengenezwa kwa risasi, na chombo kikishaanza kupasuka ile mistari midogo kama utando wa buibui, au rangi ikiwa inakwaruzika, au kinaacha unga unga kidoleni, basi kisiguse chakula, hasa chakula chenye uchachu au cha moto kwasababu hivo ndio vinaivuta risasi itoke. Kwa macho huwezi kujua, kwahiyo kanuni yangu ni kwamba chombo nisichokijua asili yake kinapamba, hakilishi. Glasi na majagi ya kristali ni hivohivo: ule uzito na ule mng'aro wa zile zilizochongwa unatokana na risasi, kwa kipimo cha Ulaya kristali ya risasi inaanzia asilimia 24 ya oksidi yake. Kinywaji kisilale kwenye jagi la kristali. Mkimimina mezani mkanywa mkamaliza ni tofauti na kukiacha humo usiku kucha, ila watoto na wajawazito wape glasi za kawaida tu, usibahatishe.

Hii haimaanishi sahani nzuri yenye mashaka irudi kabatini. Iweke chini kama ya kutangulia, juu yake weka sahani mpya nyeupe ambayo ndio inapakuliwa, katikati ya hizo mbili kata duara la kitambaa laini ili ya juu isiikwaruze ya chini. Ukingo wenye maua unaonekana wote, mgeni anakula kwenye kilicho salama.

Ukiwa umegeuza sahani kuangalia chini, soma na muhuri. Ukikuta limeandikwa jina la nchi tu, mfano England, mara nyingi imetengenezwa baada ya 1891, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia kwao ziandikwe nchi zilikotoka, na viwanda vikaanza kupiga mihuri. Ikisema Made in England kwa ukamilifu wake, mara nyingi ni ya karne ya 20. Kwenye vijiko tafuta namba 925, hiyo ni fedha halisi sehemu 925 kwa 1000. Ukiona herufi EPNS ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki uliopakwa fedha kwa umeme, njia ambayo akina Elkington wa Birmingham waliisajili mwaka 1840. Usivunjike moyo ukikuta EPNS, mezani inang'aa vilevile, ila ile ngozi ya fedha ni nyembamba kwahiyo ukisugua kila mwaka kwa nguvu utaimaliza.

Kusafisha bila kuua

Fedha kwanza. Ule weusi sio uchafu wa kawaida, ni salfa ya hewani imeshikana na fedha. Chukua beseni, tandika karatasi ya aluminiamu ndani upande unaong'aa juu, panga vijiko vigusane na hiyo karatasi, nyunyiza bekingi soda vijiko viwili vikubwa kwa lita moja, mimina maji ya moto sana. Utasikia harufu kama ya yai bovu, usiogope, ni salfa inaondoka kuhamia kwenye aluminiamu. Dakika chache tu alafu suuza kwa maji safi na ukaushe palepale kwa kitambaa laini. Uzuri wa njia hii fedha haipungui, wakati dawa za kusugua kila ukisugua unatoa kidogo. Ila usiloweke visu vyenye mpini wa wazi ndani, vitu vilivyogundishwa, vyenye vito, wala vile ambavyo weusi wa kwenye mifereji ya maua ndio urembo wenyewe, ukiutoa huo ua linapotea. Hivo vifute tu kwa kitambaa. Na stilwaya isikaribie kabisa.

Jambo lingine nililojifunza kwa uchungu: usifunge uma na vijiko vya fedha kwa raba bendi. Nilifunga dazeni nzima zisipotee, baada ya miezi nikafungua nikakuta kila kimoja kina mstari mweusi shingoni, raba ina salfa ndani yake, na ule mstari mpaka leo ukiinamisha kijiko kwenye mwanga unauona. Funga kwa utepe wa pamba.

Visu vya zamani sana angalia makali yake. Chuma kisichoshika kutu kilianza kwa Harry Brearley kule Sheffield mwaka 1913, vya kabla ya hapo ni chuma cha kawaida, kinashika madoa na kutu ndani ya muda mfupi, kwahiyo osha na kausha hapohapo. Mipini ya mifupa isilowe, gundi inaachia na mfupa unapasuka, shika kwa mpini uoshe makali peke yake.

Sahani na glasi osha moja moja kwenye beseni la plastiki au sinki lililotandikwa taulo, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo. Glasi baridi usiitumbukize maji ya moto. Chochote chenye mstari wa dhahabu kisiende kwenye mashine ya kuoshea vyombo, dhahabu inaisha, na kisiingie kwenye mikrowevu, itatoa cheche. Shaba unaweza kuipaka limao na chumvi ukasuuza haraka, ila angalia kwanza kama haijapakwa vanishi, zile zilizopakwa ukizisugua zinabaki na mabaka.

Vitambaa ndio vinataka subira kuliko vyote. Kwanza kiinue dirishani mwanga upite, utaona mahali nyuzi zimechoka, mara nyingi ni kwenye mikunjo kwasababu kimekaa kimekunjwa palepale miaka yote. Ukiona panapitisha mwanga kupita kiasi hapo usipakamue, usipasugue. Loweka maji ya baridi kwanza, mwaga maji ya njano yatakayotoka, rudia, alafu ndio uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye dawa ya kung'arisha ya oksijeni, masaa kadhaa. Klorini hapana, inakula nyuzi. Kikiwa bado kina unyevu kipige pasi kwa nyuma, kilaze uso wa maua chini juu ya taulo nene, hapo maua yanasimama badala ya kulala bapa. Wanga upake siku unayotandika tu, ukihifadhi kitambaa chenye wanga umewaalika wadudu. Doa likigoma liache. Nasema kwa moyo wote, usichane kitambaa kwa ajili ya doa, weka bakuli juu yake, au liache lionekane kama linajulikana lilitoka kwa nani.

Sasa kupanga

Chagua kiongozi, kitu kimoja tu. Inaweza kuwa kitambaa, inaweza kuwa bakuli kubwa, inaweza kuwa seti ya vikombe vinne vilivyobaki. Vingine vyote vinamfuata huyo. Watu wengi wanakosea hapa, wanaweka kila kizuri mezani na matokeo yake hakuna kinachoonekana, jicho linazunguka halijui litue wapi. Kama kiongozi ni kitambaa chenye maua mengi basi sahani ziwe tulivu. Kama kiongozi ni sahani zenye michoro, kitambaa kiwe cheupe au meza iwe wazi kabisa ionekane mbao.

Vipimo vinasaidia kuliko kukadiria. Kila mtu mpe upana wa sentimita 60 hivi, kwahiyo meza ya sentimita 180 inabeba watatu kila upande na mmoja kila kichwa. Kitambaa kining'inie sentimita 20 mpaka 30 kila upande, yaani meza ya 180 kwa 90 ukitaka kining'inie 25 tafuta cha 230 kwa 140. Kitambaa cha bibi kikiwa kifupi usikilazimishe, tandika kikubwa cha rangi moja chini, cha bibi kiwe juu katikati, au kikate meza kwa upana mahali pawili vikiwa viwili vidogo. Sahani ikae sentimita mbili tatu kutoka ukingoni.

Sahani zisizofanana ndio furaha yangu kubwa. Watu wanane, sahani nane tofauti, inawezekana kabisa na inapendeza ukizingatia kitu kimoja: lazima kuwe na jambo linalojirudia. Tafuta rangi moja, tuseme bluu, hakikisha inaonekana sehemu zisizopungua tatu mezani zilizoachana, kwenye sahani mbili, kwenye utepe wa napkini, kwenye kichupa cha maua. Hapo jicho linaunganisha lenyewe. Au fananisha ukubwa, zote ziwe za kipenyo kimoja hata michoro ikigombana. Metali kuchanganya ruhusa, fedha na shaba zinakaa pamoja vizuri, ila zikusanye, vinara vya shaba vikae kundi moja katikati, vijiko vya fedha pembeni ya sahani, sio kimoja kimoja kimetawanyika. Na acha kitu kipya mezani, glasi za kawaida au sahani nyeupe, meza yenye kila kitu cha zamani inakuwa kama jumba la makumbusho na watu wanaogopa hata kuegemea.

Katikati ya meza usipande juu. Vitu vya katikati viishie chini ya sentimita 30, watu wawe wanaonana macho, au kama una kinara kirefu basi kiwe chembamba mtu aone pembeni yake. Hapa ndio wale wasio na wenzao wanapata kazi: buli lisilo na mfuniko linabeba maua, kikombe kisicho na kisosi kinabeba maua mafupi, kisosi kisicho na kikombe kinabeba mshumaa mfupi mnene. Buli lenye ufa au chombo cha fedha usimimine maji moja kwa moja, tumbukiza glasi ndogo ndani, maji yakae humo. Kidumu cha chumvi cha fedha nacho kiwe na kikombe cha kioo ndani, chumvi inatoboa fedha vidoti vyeusi visivyotoka.

Mishumaa chukua myeupe au ya rangi ya nta, ya rangi kali ikidondokea kitambaa cha bibi inaacha rangi hata nta ikitoka. Isiyo na manukato, harufu ya chakula itoshe. Kama mshumaa unacheza kwenye kinara kizungushie kipande cha karatasi ya aluminiamu chini mpaka ukae imara, chini ya kinara weka sinia dogo au kisosi, na maua yote yakae mbali na moto. Nta ikidondoka usiifute ikiwa laini, iache ikauke, ikwangue kwa kadi ya plastiki, alafu laza karatasi ya kahawia juu na chini upitishe pasi ya uvuguvugu, karatasi itainywa.

Picha za wazee ukitaka kuziweka mezani chapisha nakala. Ile ya asili usiilete kabisa, mwanga, mchuzi na nta havina huruma.

Karatasi ndogo chini ya kila sahani

Hiki ndio kipande ninachokithamini kuliko vyote na hakina gharama. Zile rekodi ulizochukua siku ya kukagua, zigeuze sentensi mbili mbili kwa mkono wako kwenye karatasi ndogo: hiki kilikuwa cha nani, kilifikaje kwetu, nini kilikipata. Iandike kama alivyosema mwenyewe, na maneno yake, usiinyooshe. Moja ya kwetu inasema "Bakuli hili shangazi alilibeba mapajani safari nzima, hakukubali liwekwe kwenye mizigo." Weka ile inayomhusu mtu mahali anapokaa, mjukuu aliyerithi jina apate kikombe cha mwenye jina. Usiwatangazie. Wakikaa mmoja atainua sahani, atasoma kimya, atamwambia wa pembeni, na kabla chakula hakijapakuliwa meza nzima inasoma.

Watoto waache wakae humohumo, wape vijiko vya zamani maana kijiko hakivunjiki, na waambie kabisa kilikuwa cha nani, utashangaa wanavyokishika. Na kubalianeni nyie wenye nyumba kabla wageni hawajafika kwamba kikivunjika kitu hakuna wa kupiga kelele. Kikivunjika kusanya vipande vyote hadi vidogo vidogo, funga kwenye karatasi, weka jina, usikimbilie gundi usiku uleule. Wajapani wana ufundi wao wa kintsugi, wanaunga kwa utomvu wa mti na unga wa dhahabu ili mahali palipovunjika paonekane. Ukiunga kwa gundi ya dukani chombo kinapendeza tena ila chakula basi.

Baada ya chakula osha usiku huohuo vya fedha na visu vya chuma, vingine vinaweza kusubiri asubuhi. Hesabu vijiko kabla hujamwaga mabaki kwenye taka, vijiko vingi vinapotelea humo. Kati ya sahani na sahani weka karatasi laini, vikombe usivipandanishe, vitundike au vikae kimoja kimoja. Kitambaa kikishaoshwa na kukauka bila wanga kizungushe kwenye rola badala ya kukikunja, na plastiki usikifungie, kinahitaji kupumua.

Zile karatasi zikusanye. Nyuma ya kila moja andika mwaka na jina la aliyekalia hapo, zikunje, zitie ndani ya lile buli lisilo na mfuniko. Mwakani ukilitoa utazikuta humo.